Chui wa Jicho Moja

Anko Ndirangu,

Nilisema sikujui. Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Yeye anaamini nilikuwa nimeenda kununua chapati walipokuua, na kila akisimulia humshukuru Mungu kwamba sikuona. Niliona, Anko. Mkebe wako wa rangi ya manjano ulikuwa mkononi mwangu.

Unaikumbuka asubuhi ile pale Mai Mahiu? Chui uliyekuwa ukimchora alikuwa tayari nyuma ya lori, isipokuwa jicho la kushoto. Nilikuambia mguu wake wa nyuma ni wa mbuzi, ukacheka mpaka brashi ikaanguka. "Huyu mtoto atanifukuzia wateja!" Kisha ukaufuta, ukauchora upya. Dereva alikuharakisha: "Maliza, mzee, niko na safari." Ukakataa. Jicho la mwisho hukulichora kamwe mpaka mwenye gari awepo, gari lisije likaona njia bila mwenyewe. "Mwite boss wako," ukamwambia. Akaenda. Hakurudi.

Waliokuja ni watu wa pikipiki, na vyuma. Lori lilikuwa limeibwa Gilgil, dereva wake wa kweli amekutwa mtaroni, amekufa. Wakakukuta umekaa ukingoja, jina la zamani la gari umelifunika kwa rangi. "Huyu ndiye anabadilisha magari!" Ulijaribu kuwaeleza habari ya jicho. Nani angesikiliza habari ya jicho? Chuma cha kwanza kilivunja mkono wako wa kuchorea. Niliusikia mfupa. Bado nausikia kila Mama akivunja kuni. Wakakupiga mawe, wakakukanyaga kifua, wakakumwagia thina yako mwenyewe ya kuyeyushia rangi. Mmoja akanigeukia, damu yako iko kwenye shati lake.

"Wewe msichana, unamjua huyu?"

"Hapana, boss. Simjui. Nilisimama tu kuangalia."

Akakuinua kwa nywele, akakuuliza kama niko na wewe. Ukanitazama. Ukatikisa kichwa kukataa.

Kiberiti sikukiona. Nilikuwa nakimbia.

Ungemaliza lile jicho, Anko! Ungelichora tu, ungekuwa umeshaondoka! Nimekukasirikia sana kwa hilo. Nimewachukia wale watu mpaka nikaota nawapiga kwa chuma kile kile, nikaamka nimeuma mkono wangu.

Sasa nimemaliza kidato cha nne. Mwalimu wa fasihi alinitumia tangazo: mafunzo yenye ufadhili, Nairobi, kwa waandishi chipukizi wa uhakiki wa sanaa ya leo. Wanataka uhakiki wa kazi moja ambayo umesimama mbele yake. Mimi, ambaye darasani nilikuwa nikiitwa jina, sauti haitoki. Lakini niliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote tangu nizaliwe. Nilienda mpaka kituo cha polisi wanakoliweka lori. Askari akanicheka: "Siste, unaangalia nini hapo? Si ni lori tu."

Nusu ya chui imeungua. Ile nusu nyingine inakutazama kwa jicho moja. Niliandika kwamba kidevu ni kizito na madoa ya mgongoni yamefanana mno, kwa sababu ungetaka ukweli. Niliandika pia kwamba mguu wa nyuma, ule uliouchora upya, ni mguu wa chui kabisa, na kwamba pale palipokosa jicho ndipo mtu huangalia kwa muda mrefu zaidi.

Halafu swali la mwisho kwenye fomu: Je, unamjua msanii binafsi? Wanaomjua msanii huenda wasikubaliwe. Mwalimu akaniandikia, "Jaza hapana tu. Nani atajua?"

Nilikaa mbele ya ile kompyuta ya saiba hapa Nakuru mpaka mwenye duka akauliza kama nimelala. Nikaandika: Ndiyo. Ni kaka wa mama yangu. Nilimshikia rangi.

Nikatuma. Ilikuwa leo asubuhi. Wakininyima nafasi, nitalia, nitaendelea kuandika juu ya malori.

Lala salama, Anko. Mama nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikipata sauti. Nakuahidi. Mpaka siku hiyo, asijue kutoka kwako, hata akikuota. Akikuuliza kama nilikuwepo, nifanyie kama siku ile. Tikisa kichwa mara moja zaidi.

Wako,
Wanjiku