Bibi Kabichi na Kaktasi ya Mama

Jumapili, 9 Julai

Mama mkwe ameondoka leo kwenda kwa wifi yangu, huko kuliko na hospitali ya macho. Mume wangu amempeleka kituoni na begi moja na maagizo chungu nzima. Yote yangu mimi! Paka asipande kitandani kwake. Redio yake isiguswe. Na kaktasi yake pale kibarazani — hiyo aliisema mara tatu. Usiipe kitu, mwanangu. Maji kijiko tu, ukikumbuka. Ukisahau, ndiyo bora zaidi. Miezi hii ya baridi inalala.

Nikaitika, ndiyo Mama. Moyoni nikasema: inalala au inakufa njaa?

Maana ukiiangalia utaionea huruma. Kubwa kama ngumi, rangi ya majivu, imejikunyata kwenye kile chungu chake chenye mdomo uliomeguka. Mimi kazi yangu ni miche. Watu wanatoka mbali kufuata kabichi zangu na nyanya zangu. Halafu mteja akiingia tu getini, kitu cha kwanza anachokiona ni mmea wenye sura ya mgonjwa. Aibu.

Jumatano, 19 Julai

Nimeipa. Basi.

Mbolea ile ile ya kukuzia ninayozipa kabichi, kipimo kile kile, na maji ya kueleweka. Wenzake wote wanakula, yeye ndiye ashinde njaa? Mama atarudi aikute imenona, na huenda akaacha kuniita Bibi Kabichi. Jina hilo alinipa wiki niliyoolewa, mtaa mzima ukalidaka. Mpaka watoto wa shule wananisalimia nalo!

Sijamwambia mume wangu. Angesema nina kiherehere.

Jumatatu, 14 Agosti

Imeitika! Imevimba, imekuwa kijani, inang'aa. Kila nikilisha miche nampitishia na yeye. Leo mteja mmoja ameuliza kama nayo nauza. Nimetembea kwa madaha siku nzima.

Na chini, karibu na udongo, kuna vinundu vinachungulia. Vingi! Maua hayo. Mama kila mwaka anapata ua moja tu, jekundu, linakaa siku mbili na kunyauka. Na kwa hilo moja huwa tunasimamishwa kazi wote. Chai ya ua, ndivyo anavyoiita. Likifunguka asubuhi hachani nywele, hapokei simu, anavuta kiti kibarazani na mimi natakiwa nilete chai. Kabichi zisubiri, anasema. Mwanzoni niliona ni vituko vya uzee. Sasa hata mimi huwa nalisubiri, ila siwezi kumwambia hivyo.

Wifi amepiga simu. Mama anawekewa dawa ya matone. Nikamuuliza, anaendeleaje hasa? Akasema tutaongea mkija kumpokea. Sikuipenda sauti yake.

Ijumaa, 1 Septemba

Mama amerudi.

Ni presha ya macho. Daktari amesema kilichoharibika hakirudi, na kilichobaki kinakwenda mbio. Jicho la kushoto limeshazima. La kulia anaona kama anachungulia kwenye tundu la ufunguo — maneno yake mwenyewe, alisema anacheka. Hakuna aliyecheka naye.

Kabla hajavua viatu akauliza, kaktasi yangu ikoje? Nikasema haijambo, Mama. Akasema alimwambia daktari nyie fanyeni mtakavyo, mimi nataka nilione ua la mwaka huu, la mwakani sina habari nalo. Mume wangu akatoka, eti anakwenda kufunga geti. Geti lilikuwa limefungwa.

Nilijisikia vizuri, Mungu anisamehe. Nilijisikia vizuri kwa sababu nilijua maua ni mengi.

Jumapili, 3 Septemba

Siyo maua.

Leo nimegundua upande wa nyuma umepasuka, ufa mrefu kuanzia begani. Nikaogopa. Nikaipiga picha, nikaenda kwa Bwana Miiba, yule anayeuza kaktasi kwenye kona ya posta. Mtu wa maneno mengi, ukimuuliza saa anakueleza saa inavyotengenezwa. Leo aliiangalia picha, akaikuza kwa vidole viwili. Halafu akauliza, umeilisha nini?

Nikamwambia.

Akacheka mpaka akashika meza. Dada, umekipa chakula cha majani kitu kisicho na majani! Akanieleza. Mbolea ya kukuzia inajenga mwili. Mwili unavimba upesi kuliko ngozi, unapasuka. Ukishashiba hivyo unazaa pembeni, kwa nini uhangaike na ua? Vile vinundu ni watoto. Mtoto anatoka wa duara na miiba yake tayari. Tumba la ua kwenye aina hii hutoka juu, ubavuni, lina manyoya, limechongoka. Hapa sioni hata moja, akasema. Ua lilitaka ilale na kiu wakati wa baridi, kisha ikiamka uipe mbolea kidogo sana, ile ya kuchanua, ndani ya maji mengi. Wewe umeikesheza karamuni.

Nikauliza, na sasa nikiipa hiyo ya kuchanua? Akatikisa kichwa. Mwaka huu isahau. Iache ipumzike, mwakani huenda ikakupa.

Mwakani! Nilikaa juu ya ndoo yake bila kukaribishwa.

Aliniambia Mama. Mara tatu. Kwa Kiswahili kinachoeleweka. Usiipe kitu.

Jumatano, 6 Septemba

Nilikuwa namwagilia nyanya nikamsikia anaita. Bibi Kabichi! Bibi Kabichi, njoo! Nikakimbia nikidhani ameanguka. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya chungu, vidole vinatembea taratibu huku chini kwenye vile vinundu. Uso wake! Sijawahi kumwona hivyo tangu nimeolewa.

Haya yote ni matumba? akauliza.

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilikuwa na pumzi, nilikuwa na ulimi. Nikasema: ndiyo, Mama. Mengi mwaka huu.

Akanishika mkono. Umeitunza vizuri, mwanangu, akasema. Ahsante.

Mwanamke huyu nimemfulia, nimempikia, nimemuuguza kifua miezi miwili. Hajawahi kunisifia kitu. Leo amenisifia. Nikaingia bafuni nikafungulia bomba, nikalia.

Jumanne, 12 Septemba

Amewaambia jirani wa kulia, jirani wa kushoto, na fundi aliyekuja kurekebisha paa. Mwaka huu kutakuwa na shada zima! Na kila mmoja anasimuliwa upya jinsi alivyoipata — siku aliyostaafu upishi kule shuleni, alikwanyua kipande kwenye chungu cha dirishani kwa bosi, akakitia kwenye pochi, akapeana mikono na bosi huyo huku miiba inamchoma ubavuni. Anacheka mpaka machozi. Miaka yote ile nilipikia watu, anasema, kitu nilichochukua ni hicho tu.

Mimi namimina chai, nacheka pale pa kucheka. Kila kinachoingia mdomoni hakina ladha.

Mbolea nimeacha. Maji nimeacha. Nimechelewa kuacha, najua.

Jumapili, 24 Septemba

Nimemwambia mume wangu. Alikuwa anapiga viatu vyake rangi. Akasema, sasa mmea tu ndiyo unakukondesha? Nikamwambia siyo mmea. Nikamkumbusha alichosema Mama kuhusu mwakani. Akaendelea kupaka kiatu kile kile kilichokwisha kung'aa.

Mwisho akasema, tafuta nyingine yenye ua, uiweke pale. Kwa macho yale hatajua.

Kwa macho yale! Nikamkasirikia. Nikamwambia huyo ni mama yako. Akasema, ndiyo maana.

Na ubaya wake ni kwamba tangu wakati ule nimekuwa nikilifikiria jambo hilo hilo.

Alhamisi, 5 Oktoba

Msimu wenyewe ndio huu. Asubuhi ananiuliza, jioni ananiuliza. Bado? Bado, Mama. Leo alilisogeza jicho lake karibu kabisa na miiba, nikaogopa itamchoma. Akasema, naona ukungu tu leo, labda ni hali ya hewa. Jua lilikuwa linawaka.

Sikungoja zaidi. Nikaenda kona ya posta. Nyekundu zimekwisha, zote! Kuna moja tu yenye umbo kama la yetu, na tumba lake linafunguka kesho au keshokutwa. La manjano. Bwana Miiba aliponiuliza nataka ya nini nikamweleza yote, sijui kwa nini. Hakucheka safari hii. Akasema, dada, si umwambie tu? Nikamjibu yeye auze kaktasi.

Nimeificha katikati ya trei za kabichi. Nimefanana na mwizi kwenye shamba langu mwenyewe.

Jumamosi, 7 Oktoba

Alfajiri nilihamisha. Ya kwetu nimeing'oa na watoto wake wote, nikaiweka nyuma ya gunia la samadi. Mgeni nikampanda kwenye chungu cha Mama, kwa sababu ule mdomo uliomeguka anaujua kwa vidole. Ua lilikuwa limefunguka lote. Zuri, siwezi kusema uongo. La manjano kama kiini cha yai.

Nikamwamsha. Mama, limefunguka.

Akatoka na nywele zake hivyo hivyo. Akavuta kiti, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Akakaa hivyo muda. Mimi nilisimama nyuma yake. Nilikuwa na maneno tayari — safari hii limebadilika rangi, Mama, hutokea, labda ni udongo.

Hayakuhitajika. Akasema: Jekundu. Lile lile.

Jekundu!

Sikujua niangalie wapi. Macho yamekwisha basi, na mimi ndiye niliyemnyima ua la mwisho. Au ameona, na amesema vile kwa ajili yangu? Sijui lipi baya zaidi.

Kisha mkono wake ukashuka. Ukapita ubavuni, ukafika chini kwenye udongo, ukaanza kuzunguka. Ukazunguka chungu chote. Ukarudi ulikotoka, ukazunguka tena, polepole zaidi. Hapakuwa na kitu. Hilo ndilo sikulifikiria! Mwezi mzima nimehangaika na ua, nikasahau kwamba anaona kwa vidole.

Hakugeuka. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: Watoto wake umewapeleka wapi?

Watoto. Hakusema matumba.

Kwa hiyo alijua. Siku ile amepiga magoti, alijua. Alivishika na miiba yake tayari, yeye aliyeilea miaka yote, angekosaje kujua? Aliniuliza ili niseme. Na niliposema ndiyo, ni matumba, akanishika mkono akanishukuru. Akaenda akawaambia majirani.

Nikafungua mdomo. Akainua kiganja, kama vile anavyomnyamazisha mwanawe. Chai kwanza, akasema. Leo ni siku yake.

Ndiyo nipo jikoni. Maji yamechemka zamani, yamepungua, nimeongeza mengine. Naandika nimesimama. Mume wangu bado amelala na sitamwamsha, hili ni langu.

Nimekwenda nyuma ya gunia. Ya kwetu nimeipangusa samadi, mizizi nimeizungushia kitambaa cha vyombo. Imepasuka, imenenepa, watoto wamejazana chini yake. Haina ua. Nimeiweka kwenye sinia katikati ya vikombe viwili. Inanichoma kila ninapoigusa, na iendelee.

Sentensi ya kwanza sijaipata. Nimejaribu tatu, zote zinaanza na nilidhani.

Anaita. Bibi Kabichi, chai hiyo unaivuna? Na anacheka — au ni mimi ninayetaka iwe anacheka —

Nanyanyua sinia.