Sitaomba Msamaha kwa Bunduki Iliyojifyatua

Jumatano, jioni. Baridi ya Julai imekaza hapa kambini Dzaleka, Malawi, na upepo unaingiza vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria. Nimejifunga vitenge viwili, bado vidole vinaganda. Ila si baridi inayonitetemesha. Ni hasira, na leo sitaificha.

Nimefukuzwa kazi. Niandike hivyo kwanza, nisije nikaanza kuzungukazunguka.

Kwa wasionijua: mi ni fundi wa cherehani, mzaliwa wa Fizi, Kongo, mkimbizi hapa kwa miaka kumi na mmoja. Tangu mwaka jana nilikuwa nashona mifuko ya turubai ya kubebea bunduki, kwa ajili ya uwanja mmoja wa kulenga shabaha nje ya Lilongwe. Wanaokuja pale ni watu wenye vibali, wengine wawindaji, wengine wa kutoboa karatasi tu. Kila Jumamosi nilikuwa nashuka minibasi Area 25, napanda kabaza, ile baiskeli ya abiria, huku nimepakata kitambaa. Mteja analaza bunduki mezani, napima, nashona.

Jumamosi iliyopita alikuja mwanachama mmoja na bunduki mpya ya kuwindia. Sitamtaja. Nimwite Bwana Mkubwa, maana njo anavyopenda kuonekana. Akailaza mezani kwangu, mtutu ukielekea tumbo la Mai Chisomo, mama anayetupikia chai. Kidole chake kilikuwa bado kwenye kifyatulio.

Nikarudisha futi yangu mfukoni. Nikamwambia kwa Kichewa, kwa heshima: "Bwana, naomba uigeuzie kule kwenye tuta la mchanga, utoe risasi, halafu nipime."

Akacheka. "Amayi," akaniita, yaani mama, "nimefunga usalama. Haiwezi kulia."

"Usalama ni kichuma tu, Bwana. Na chuma kinaharibika."

Hapo akaacha kucheka. Akaniuliza, watu wote wakisikia, mkimbizi amejifunzia wapi mambo ya bunduki. Au nilizibeba kule kwetu?

Mnajua swali kama hilo linaweza kumfanya nini mtu kama mi. Likifika kwa askari, unaitwa kuandikisha maelezo, na hujui utarudi lini. Meneja, Bwana Phiri, akanikonyeza ninyamaze.

Sikunyamaza.

Nilimjibu ukweli. Baba yangu alikuwa mwindaji. Alikuwa na bunduki moja kuukuu ya kufukuzia nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mihogo yetu. Siku moja wakirudi kutoka porini, rafiki yake aliibeba yeye, risasi ikiwa ndani. Alisema alikuwa amefunga usalama. Walipokuwa wanavuka gogo lililoanguka, kijiti kikanasa kifyatulio. Kaka yangu Asukulu alikuwa mbele yao. Alikuwa ameoa miezi miwili tu.

Baba hakuwinda tena. Lakini kabla ya kuitoa bunduki ile nyumbani alituketisha watoto wote, hata sisi wasichana, akatufundisha. Mtutu usimwelekee mtu. Kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka umeamua kupiga. Na usalama usiuamini hata siku moja.

Bwana Phiri, nadhani akitaka tu yaishe, akaomba bunduki igeuziwe mchangani. Bwana Mkubwa akaigeuza. "Haya, mwalimu, angalia." Akanyoosha kidole chake mbali na kifyatulio ili wote tuone. Kwa dole gumba akasukuma kile kichuma cha usalama. Kufungua. Kufunga. Kufungua.

Ikalia.

Hakuna aliyegusa kifyatulio. Mchanga uliruka. Mai Chisomo aliangusha birika, akakaa chini palepale. Masikio yangu yalipiga filimbi mpaka nimefika nyumbani.

Mngedhani nilishukuriwa. Bwana Phiri aliniambia niandike barua ya kuomba msamaha, kwa sababu nimemwaibisha mwanachama mbele za watu.

Jumapili, baada ya ibada, rafiki yangu Mama Divine alikuja kunisihi. Yeye ni Mrundi, tunaimba naye kwaya. Akaniambia: "We mama, andika tu. Mukimbizi anainamishaka kichwa, njo anaishi." Sikumkasirikia. Nina batoto watatu, na hiyo kazi njo ilikuwa inawalisha.

Nikiri hapa: niliiandika. Barua nzuri kabisa, yenye "kwa unyenyekevu" mara mbili. Nikaisoma kwa sauti, nikafika kwenye jina langu chini. Nikaichana.

Leo nimepeleka barua nyingine. Ilikuwa fupi. Nilisema siombi msamaha. Nilisema mfuko wa yule bwana nitaushona, lakini bunduki yoyote itakayofika mezani kwangu ifike ikiwa haina risasi, imefunguliwa ili kila mtu aone ndani, na mtutu uelekee mchangani. Kama hilo ni gumu, watafute fundi mwingine.

Bwana Phiri aliisoma amesimama. Akaniambia fundi wa bunduki ameshaifungua ile bunduki. Yule mwanachama mwenyewe alikuwa amekichezea kifyatulio nyumbani, kiwe chepesi, akakilegeza mpaka kikawa hakishikilii kitu. "Ulikuwa sahihi, Amayi," akasema, akiangalia dirishani. Halafu akasema yule mwanachama bado anataka msamaha wake, na uwanja hauwezi kumpoteza. Akaomba ufunguo wa kabati la nyuzi.

Nikampa.

Mai Chisomo alinisindikiza mpaka getini, kanishika mkono kama tunaenda msibani. "Zikomo," akasema, yaani asante, halafu tena, "zikomo kwambiri." Nilikazana nisilie mbele ya mlinzi.

Njiani nimepitia soko la Tsoka, nimenunua turubai nyeusi. Kwaya za hapa kambini zina magitaa mengi yanayobebwa wazi kwenye vumbi. Nitaanza kwa kushonea hayo mifuko. Sijui kama itatosha.

Naogopa? Sana. Nimeshahesabu kila mtu anayeweza kunifanyia ubaya kwa ajili ya maneno yale. Lakini kuna mwanamke mzima, mwenye wajukuu, anayelala kwake leo akiwa hana tundu mwilini, na mi nilikuwepo.

Bunduki ile ikilazwa tena mbele yangu kesho, nitasema tena. Na safari hii sitaomba kwa heshima; nitapaza sauti tangu mwanzo.