Mpira wa Kupumulia wa Mdogo Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Lalamiko: Daktari kumsukuma na kumjeruhi ndugu wa mgonjwa
Shahidi: Mama Sindano, kama anavyojulikana mtaani, mwanamke, miaka 58, fundi cherehani, anaishi nyumba za nyuma ya soko.

Nimeonywa niseme kweli tupu. Nasema, Afande, nikijua kwamba anayelalamika ni mtoto wa mdogo wangu, na yuko hapo nje kwenye benchi na bandeji kichwani. Tunamwita Profesa kwa sababu tangu utotoni hakosi jibu.

Mdogo wangu alipasuliwa moyo Jumatatu, akabadilishiwa valvu. Akawekwa chumba cha wagonjwa mahututi, amelazwa kwa dawa ya usingizi, mpira umepita mdomoni mpaka njia ya hewa, mashine inampumulia. Daktari aliyempasua alituambia mapafu yake ni dhaifu, kwa hiyo mpira utakaa siku kadhaa. Mimi nilikubali. Profesa hakukubali. Alikuwa amepata kwenye simu utafiti ambao daktari huyohuyo aliuchapisha katika jarida la madaktari, unaosema mgonjwa wa moyo akitolewa mpira mapema hupona haraka. Alinisomea mpaka masikio yakaniuma.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, Jumatano, saa nne asubuhi, daktari alipita kuona wagonjwa. Profesa akamwekea simu mbele ya uso.

"Daktari, haya si maneno yako?"

"Ni yangu. Umesoma yote?"

Kumbe hakuwa amesoma yote. Kilichofunguka kilikuwa muhtasari tu. Mengine yamefungwa mpaka ulipie. Daktari akamweleza, bila ukali, kwamba wenye mapafu kama ya mama yake hawakuwemo katika utafiti ule. Aliwaacha makusudi, kwa sababu kwao ni hatari. Profesa akairudisha simu mfukoni. Nikadhani ameelewa. Mimi na kudhani kwangu!

Daktari akaenda kitanda cha dirishani, muuguzi akageuka kubadilisha dripu ya jirani. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa miguu. Nilimwona Profesa akibandua utepe shavuni mwa mama yake, akaushika mpira, akauvuta. Nilimwona kwa macho yangu haya. Mashine ikaanza kulia. Midomo ya mdogo wangu ikawa inageuka rangi, kifua kinahangaika, hewa haiingii. Profesa kaganda na mpira mkononi, anamwambia, "Mama, pumua. Pumua, mama."

Alikuwa amesimama kichwani mwa kitanda, palepale daktari alipotakiwa kusimama. Daktari alikuja mbio, akamwambia apishe, akarudia, Profesa hakusogea. Ndipo akamsukuma kwa mikono miwili, Profesa akajigonga kwenye kona ya kabati. Daktari hakumtazama hata kidogo. Aliurudisha mpira, mdogo wangu akapata hewa. Ningekuwa karibu ningemsukuma mimi, tena kwa nguvu zaidi.

Jana Profesa alinifuata kibandani kwangu. Aliniomba niseme mpira ulitoka wenyewe, na kwamba daktari alimsukuma kwa hasira ya kuulizwa juu ya maandishi yake. Aliniambia, "Mama mkubwa, wewe ndiye shahidi wangu." Nilimjibu shahidi nitakuwa, ila si wako. Daktari amesimamishwa kazi kwa lalamiko hili, na kuna wagonjwa wamelala wodini wanamsubiri yeye.

Umeniuliza, Afande, kama mtoto alikusudia mabaya. Hapana. Alitaka mama yake aamke aseme naye, basi. Baba yake alishafariki, hana mwingine. Wahenga walisema mtoto akikunyea kiganjani huukati mkono. Nami sikati. Ila mkono lazima uoshwe, ndiyo maana nimekuja.

Leo asubuhi daktari mwingine ameutoa mpira kwa utaratibu. Sauti ya mdogo wangu inakwaruza. Kitu cha kwanza alichouliza ni mwanawe yuko wapi. Profesa amepigwa marufuku kukanyaga wodini, lakini nilimwambia yuko njiani. Katika shughuli hii yote huo ndio uongo wangu pekee, na kesho akiuliza nitausema tena.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo haya kwa sauti na kuyakubali. Mlango ulikuwa wazi. Mlalamikaji ameingia bila kuitwa. Hakupinga lolote. Ameuliza kama ni kweli mama yake amezungumza.