Ndoo za Kumwagilia Zege

Dutumi, Jumatano

Lango la maji silifungui, na ufunguo ninao mimi, mtunza lango.

Nimemwamkia mwenyekiti wa skimu ya umwagiliaji shikamoo, kisha nikamwambia mbele ya watu: "Zege la mfereji lina siku tatu tu. Ukiachia maji leo litabanduka, turudi kwenye udongo unaokunywa maji yote njiani."

Akafoka, "Mpunga unakauka, Mama Neema!"

Kana kwamba wangu haukauki! Shamba langu ndilo la mwisho mferejini.

Basi nikateka ndoo kisimani, nikapita katikati ya mpunga wangu uliosinyaa, nikaenda kumwagilia zege ili likomae bila kupasuka. Wakanicheka.

Naogopa, sifichi. Mpunga ukifa...

Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la khanga. Anayeutaka aje alifungue fundo.