Bunduki Mpya ya Idsowe

Jumatano

Basi nimepewa. Leo Garsen sisi askari wa akiba tulirudisha bunduki zetu kuukuu za G3, tukapokea bunduki mpya, nyepesi, zenye kitako cha plastiki. Ile ya zamani niliibeba tangu wanangu wakiwa wadogo.

Kwenye shabaha nilipiga risasi tano. Hakuna hata moja iliyogusa karatasi. Mkufunzi, kijana wa rika la mwanangu, akaniuliza polepole, "Mzee, ile karatasi unaiona?"

Nikamwambia naiona. Nilikuwa naona weupe tu, kama ukungu wa mtoni asubuhi.

Akanitazama, akaandika kwamba nimefaulu. Labda alinihurumia. Labda ni kwa sababu hapa Idsowe hakuna askari wa akiba mwingine.

Jioni majirani walikuja kuiangalia. Mke wangu Salome akawaambia, "Sasa hata wavamizi wakisikika, sisi tutalala." Wakacheka kwa raha, nami nikacheka nao.

Nikiirudisha, kijiji kinabaki bila bunduki. Nikikaa nayo, kinabaki na mimi. Nilitaka kumwambia Salome, lakini…

Ameshalala. Leo hakutia komeo mlangoni.