Kibuyu Kizima Kabla ya Jua Kuzama

Jumatano, 6 Oktoba 1909
Kibuyu cha maji kimejaa tena. Damari, mke wa mwanangu, amekiweka mlangoni, akakohoa ili nijue, akaondoka. Mganga wa misheni ameagiza nikimalize kila siku kabla ya jua kuzama. Nisipokunywa, asema, sitaiona mvua. Nimekunywa mafunda mawili. Yaliyobaki nimeyamwaga ukutani, nyuma ya kitanda, kama kawaida.

Alhamisi, 7 Oktoba
Nimemwaga tena. Ulimi kama ngozi iliyoanikwa.

Ijumaa, 8 Oktoba
Siku zangu si nyingi, basi niandike ukweli. Maji siyachukii. Naogopa kutoka nje kujisaidia. Miguu haina nguvu. Anayekunywa kibuyu kizima lazima ashikwe mkono hadi kwenye ua wa minyaa, tena mara nyingi, na mtu amsubiri. Mwanangu yuko kwenye ujenzi wa reli, atarudi na mvua. Nyumbani kuna Damari tu. Kwetu Wagogo baba mkwe hamgusi mkamwana wake, wala hawatazamani usoni. Nimefundisha watoto kusoma miaka mingi. Nimewahubiria watu waache mengi ya kale. Hili nimeshindwa kuliacha mwenyewe. Afadhali kiu. Damari akienda mtoni natambaa nje mara moja, basi.

Jumamosi, 9 Oktoba
Kizunguzungu. Nilianguka nikitambaa. Sikuita.
Damari hutoka alfajiri kuchimba maji kwenye mchanga wa mto, hurudi jua limepanda. Nami namwaga. Aibu tupu.

Jumapili, 10 Oktoba
Sikwenda kanisani. Mchana nilimwita mke wangu aje. Alishakufa zamani. Nimeogopa sana. Nataka kumwona mwanangu akirudi.

Jumatatu, 11 Oktoba
Ukuta umeanguka. Mchana kweupe, kiangazi, hakuna wingu. Tembe yetu ni miti na udongo, na udongo huo nimekuwa nikiunywesha mimi. Mbuzi akaingiza kichwa kwenye tundu, akanitazama kama mkaguzi wa shule.
Damari akaja, akaona matope. Akageuza uso, akasema na mbuzi.
"Toka, wewe. Kumbe mwaka huu mvua imeanzia chumbani kwa baba."
Nikamjibu mbuzi. "Mwambie maji niliyamwaga mimi. Mwambie naona haya kushikwa mkono kwenda nje."
Kisha nikamsikia akicheka, kwa adabu, mkono mdomoni. Nami nikacheka mpaka mbavu zikauma. Mbuzi alikula kipande cha mkeka wangu, hakuna aliyemkataza.

Jumanne, 12 Oktoba
Damari amekwenda mtoni mara mbili, maji yangu na maji ya kukandia ukuta. Jioni alichimbia vigingi uani. Sasa kuna kamba ya ngozi ya ng'ombe, kutoka nguzo iliyo kando ya kitanda, kupitia mlangoni, hadi kwenye minyaa. Mbuzi aliambiwa, "Mwambie baba aishike kwa mikono miwili, asikimbie."
Mimi, kukimbia.

Jumatano, 13 Oktoba
Nimemaliza kibuyu chote. Maji yana ladha ya mchanga, matamu. Nimetoka mara tatu, peke yangu, mkono baada ya mkono. Damari alikuwa akitwanga uwele, amenipa mgongo. Mara ya mwisho nilijikwaa kwenye kigingi. Mchi ulinyamaza. Nikaishika kamba vizuri, nikasimama. Mchi ukaendelea.