Kwa Baba, Uliyekaa na Aiskrimu Mikononi

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumamosi ile ulipokaa kwenye ngazi za duka la madaftari, na sisi bado tumepigwa na butwaa. Watu walituambia tutazoea. Hatujazoea. Mpaka leo Jumamosi ikifika saa kumi alasiri, Mama anashusha mabakuli kabatini, kisha anabaki amesimama nayo mkononi, hajui ayapeleke wapi.

Ulikuwa fundi mizani. Mizani ya bucha, ya duka la unga, ya wauza nyanya sokoni, zote zilipita mikononi mwako. Ile ya kupimia watoto kliniki uliitengeneza bure kila ilipolegea, kwa hiyo nusu ya mtaa tumepimwa na wewe kabla hatujajua kutembea. Mwenye duka akikunong'oneza umlegezee kidogo, ulikuwa unafunga mkoba wako wa bisibisi taratibu na kumwambia, "Mizani yangu haina shemeji." Kisha unaondoka, chai yake hujaimaliza.

Turuhusu tuwaeleze na wasomaji wa tangazo hili la kumbukumbu, Baba, maana wageni wameongezeka mtaani na hawajui mambo yetu. Tangu zamani kwetu aiskrimu ilikuwa hailiwi barabarani. Ilipelekwa nyumbani. Unakwenda na hotipoti yako kwa Bi Vanila, anakujazia, unaizungushia magazeti, juu ya magazeti taulo, unaikumbatia kwa mikono miwili na kuondoka haraka bila kukimbia. Chombo kilichoundwa kutunza moto tulikipa kazi ya kutunza baridi, na hakikulalamika.

Na mtu aliyekumbatia taulo alikuwa hasalimiwi. Hasimamishwi, haulizwi habari za nyumbani, aiskrimu isije ikamyeyukia. Anapishwa tu, na watu wanatazama pembeni ili asijisikie vibaya kwa kutoitikia. Hata mtoto alikuwa na ruhusa ya kumpita mzazi wake bila shikamoo. Aliyekuona alikuwa na kazi moja, kutangulia nyumbani kusema unakuja, mabakuli yatandazwe.

Wewe ulitumia dakika kumi na moja kutoka kwa Bi Vanila hadi mezani. Lifti ulikataa, ukidai matuta ya barabarani yanaiamsha. Ukifika ulikuwa unafunua kifuniko na kuchomeka kijiko katikati. Kikisimama, tunapiga makofi. Kikilala, tunakunywa huku tukikusema. Siku moja kililala kama mlevi, na mwanao dereva wa lori akakuuliza kama ulipitia nchi jirani kugonga pasi. Uliiweka hotipoti kwenye mizani yako ya jikoni, ukainamia mshale, ukasema, "Uzito ni uleule. Mizani haijui kuyeyuka." Tulicheka mpaka Mama akapaliwa.

Baada ya kijiko ndipo ulipovuta kiti. "Haya, sasa leteni shikamoo zangu," ulikuwa unasema, "zimelundikana njiani." Tunakuamkia mmoja mmoja, unaitikia marahaba kwa kila mtu kwa jina lake la utani, halafu unagawa. Kila bakuli lilipanda mizani, sawa kwa sawa, hakuna mkubwa wala mdogo. Kisha Mama akigeuka tu, unamhamishia kijiko kutoka bakuli lako. Dereva alisema mizani yako haina shemeji lakini ina mke. Ulijifanya hujasikia.

Sasa nifike pale ambapo mwaka mzima nimekuwa nikipazunguka.

Jumamosi ile nilikuwa natoka saluni, nakuja kwenu. Nilikuona tangu kwenye kona. Ulikuwa umekaa ngazi ya pili ya duka la madaftari, ambalo Jumamosi hufungwa adhuhuri. Taulo la bluu lilikuwa kifuani, mikono yako yote miwili imelikumbatia, kichwa umekiinamisha kidogo. Nilidhani kijiwe kimekuingia kiatuni. Nikafanya kama ulivyonifundisha tangu nina miaka minne: nikatazama upande wa pili. Nilitabasamu, Baba. Hilo ndilo linaloniua. Nilipita hatua tatu kutoka miguuni pako nikiwa natabasamu, nikakaza mwendo nikutangulie.

Nikaingia nikasema uko njiani. Mama akatandaza mabakuli sita. Mdogo wangu mwalimu akaleta vijiko. Baada ya muda Mama akaitazama saa ya ukutani, akaniuliza nilikuona umefika wapi. Nilimjibu huku navua viatu.

"Nimemwacha amekaa pale kwenye ngazi za duka la madaftari."

Mama aliacha alichokuwa anafanya.

"Amekaa?"

"Ndiyo, amekaa."

"Ana aiskrimu mkononi, na amekaa?"

Alishatoka, pekupeku, mlango ameuacha wazi. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa ilimtosha kujua papo hapo jambo ambalo mimi nililitazama kwa macho yangu nisilione. Wewe ukiwa na aiskrimu hukuwahi kukaa maishani mwako. Hata chafya ulikuwa unaiahirisha mpaka ufike mezani.

Daktari alisema ni moyo, ulisimama ghafla. Alisema hata kama mtu angekusemesha mapema, pengine isingesaidia. Neno hilo la "pengine" ninalala nalo na kuamka nalo. Nimeshamrudia mara mbili yule daktari nikitaka alitoe au aliongezee kitu. Ni mtu mwema, alinipa kiti, lakini hakuliondoa.

Siku ya tatu ya msiba fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alikuja, akashindwa kuingia. Alizungumza akiwa mlangoni, kofia mkononi. Alikuona ulipoketi, akageuza kigoda chake akakupa mgongo kwa makusudi, kwa heshima. Mwenye duka la dawa naye akasema alitoka nje, akaliona taulo, akarudi ndani. Dukani kwake kuna vidonge, kuna simu, kuna kipimo cha presha. Baadaye wakajitokeza majirani wanne. Pamoja na mimi tulikuwa saba. Hakuna aliyekufanyia ubaya, Baba. Sote saba tulikuwa tunakupisha.

Nilikasirika. Nikuambie ukweli, kwa miezi kadhaa nilimchukia fundi viatu, nikawa napeleka viatu vyangu mtaa wa pili ili nisimwone. Kisha nikagundua simchukii yeye.

Jioni ile tulirudi kutoka hospitali bila wewe. Hotipoti tulirudi nayo. Nesi aliitoa mikononi mwako kwa shida, akamkabidhi Mama kana kwamba anampa mtoto mchanga. Mama aliiweka mezani palipokuwa bado na mabakuli sita na vijiko. Tulidhani anataka kuiosha. Akafungua taulo, akabandua gazeti moja baada ya jingine, akafunua kifuniko, akachomeka kijiko katikati. Zilikuwa zimeshapita zaidi ya saa tatu tangu Bi Vanila aijaze.

Kijiko kilisimama wima.

Hatukuamini. Dereva alikigusa kwa kidole, kikagoma kulala. Wewe ulikuwa umeshaondoka na kazi yako ilikuwa bado inaendelea pale mezani. Mama akapiga makofi peke yake, mara mbili, akasema, "Imefika, baba watoto. Imefika salama."

Tuliila, kama unataka kujua. Mama alisema hukutoka jasho lile ili tuimwage. Tuligawa kwenye mizani yako, mabakuli sita, na la kwako likaliwa na Mama kijiko kwa kijiko mpaka likaisha. Sijui ilikuwa vanila au chokoleti. Nimewauliza wenzangu, nao hawakumbuki.

Jumamosi hii saa kumi alasiri tutakwenda kwa Bi Vanila na hotipoti yako, taulo lilelile. Tutarudi kwa njia ileile. Ombi letu kwa kila anayesoma hapa ni kwamba msitupishe. Tusimamisheni. Tuulizeni habari za nyumbani na za kazini, na mkiwa na maneno marefu, yasemeni yote. Na kuanzia sasa mkimwona mtu yeyote amekumbatia taulo, mwiteni, mwulizeni kama ni mzima, naye asione vibaya. Bi Vanila alihofia kwamba kwa mwendo huo itatuyeyukia. Mama akamjibu kwa maneno yako, kwamba mizani haijui kuyeyuka. Ikifika maji tutakunywa.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye mpaka leo halali upande wako wa kitanda. Unakumbukwa na mwanao dereva wa lori, ambaye siku hizi akiona mtu amekaa kando ya barabara husimamisha lori na kushuka, hata akichelewa. Na mwanao mwalimu, na mjukuu wako uliyemwita Kilo Mbili Kasorobo kwa sababu ndivyo alivyozaliwa na sasa amekushinda unene. Mafundi wenzako wa sokoni wanakukumbuka, Bi Vanila anakukumbuka, na fundi viatu pia, ambaye wiki iliyopita nilimpelekea viatu vyangu vyote, hata visivyoharibika.

Na mimi, kifungua mimba wako. Katika shikamoo zote ulizopokea mezani miaka yote hiyo, ya siku ile hukuipata, na bado ninayo mdomoni. Jumamosi duka la madaftari litakuwa limefungwa. Nitakaa ngazi ya pili, aiskrimu mapajani, na nitaisema kwa sauti, wapita njia wasikie.

Nyumbani kwetu hutasahaulika kamwe, na hatutakupita tena.

Shikamoo, Baba.